Ulaghai wa ajira katika sarafu za kidijitali

Ulaghai wa ajira katika sarafu za kidijitali ni aina ya utapeli ambamo mtu au kundi la watu hujitambulisha kama kampuni inayoshughulika na sarafu za kidijitali (huitwa pia kriptosarafu), hutangaza nafasi za kazi, kisha hutumia nafasi hizo kuchukua fedha, nyaraka au nguvu kazi ya wanaotafuta ajira. Tofauti na wizi wa kawaida wa mtandaoni, ulaghai huu haumwibii mtu mara moja tu. Mara nyingi humgeuza mwajiriwa kuwa chambo cha kuwanasia ndugu, majirani na wanafunzi wenzake.

Tatizo hili lipo katika nchi nyingi, lakini lina uzito wa pekee katika maeneo yaliyo mbali na makao makuu ya kampuni na taasisi za fedha. Mfano wake ni mji wa Mpanda na Mkoa wa Katavi, magharibi mwa Tanzania. Mwombaji kazi aliyeko Mpanda, Karema au Inyonga hawezi kwenda asubuhi kuangalia kama ofisi iliyotajwa kuwa Dar es Salaam ipo kweli. Hulazimika kuamini simu yake. Hata hivyo, sehemu kubwa ya uhakiki unaohitajika inaweza kufanyika kwa simu hiyohiyo, na sehemu iliyobaki katika ofisi za serikali zilizopo mkoani.

Sarafu za kidijitali na kazi zake halali

Sarafu za kidijitali ni rekodi za thamani zinazotunzwa katika mtandao wa kompyuta nyingi badala ya daftari la benki moja. Ya kwanza kupata umaarufu ni Bitcoin, ambayo mtandao wake ulianza kufanya kazi Januari 2009. Baadaye zilifuata nyingine nyingi, zikiwemo zile zinazofungamanishwa na thamani ya dola ya Marekani kama Tether, ijulikanayo kwa alama ya USDT.

Kampuni halali za sekta hii huajiri watu kama kampuni nyingine zozote: waandishi wa programu, wahasibu, wanasheria, wakaguzi wa usalama, wafasiri, wahudumu wa wateja na watu wa masoko. Kazi hizi zina sifa tatu zinazofanana. Zinahitaji ujuzi unaoweza kupimwa, zina msimamizi anayejulikana kwa jina, na malipo yake hutoka kwa mwajiri kwenda kwa mfanyakazi. Sifa hiyo ya tatu ndiyo kipimo rahisi kuliko vyote. Fedha ikianza kutoka kwa mwombaji kazi kwenda kwa anayejiita mwajiri, iwe kwa jina la ada, mtaji, dhamana, sare au mafunzo, kilichopo si ajira.

Historia katika Afrika Mashariki

Ulaghai wa sarafu za kidijitali ulikuja na jina jipya, lakini muundo wake ulikwishajulikana. Nchini Tanzania mfano unaokumbukwa sana ni DECI, taasisi iliyokusanya fedha za wananchi kati ya mwaka 2007 na 2009. Washiriki waliambiwa kwamba "wanapanda mbegu" na kwamba baada ya muda "watavuna" zaidi ya walichopanda. Serikali iliisimamisha mwaka 2009, na mwaka 2013 Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu iliwatia hatiani baadhi ya viongozi wake kwa kuendesha upatu na kupokea amana za watu bila leseni. Mwaka 2020 mwendeshaji wa mradi wa ufugaji uliojulikana kama Mr Kuku naye alifikishwa Kisutu kwa mashtaka yaliyojumuisha kuendesha upatu.

Katika sarafu za kidijitali, mfano mkubwa zaidi ni OneCoin, iliyoanzishwa Bulgaria mwaka 2014. Waendeshaji wake waliuza "vifurushi vya elimu" na kudai kwamba vilitoa sarafu, ilhali sarafu hiyo haikuwa na mtandao wa kweli wa kutunza rekodi. Waendesha mashtaka wa Marekani walikadiria kuwa iliwachukulia watu dola bilioni 4. Mwanzilishi wake, Ruja Ignatova, alitoweka Oktoba 2017, na mwenzake Karl Sebastian Greenwood alihukumiwa kifungo cha miaka 20 jijini New York mwaka 2023. OneCoin iliuzwa pia Uganda, ambako ilifika hadi kwa wakulima wa magharibi mwa nchi hiyo. Wauzaji wake wa ngazi ya chini walikuwa wanunuzi wenyewe, waliokwenda kuwatafuta ndugu na jamaa.

Uganda ilipata pigo jingine mwaka 2019, wakati kampuni ya Dunamiscoins ilipofunga ofisi zake ghafla mwezi Desemba baada ya kuwaahidi watu faida ya asilimia 40. Wakurugenzi wake walifikishwa mahakamani mwezi uliofuata. Ofisi yake ya mjini Masaka ilikuwa imefunguliwa muda mfupi tu kabla ya kufungwa. Kuwapo kwa jengo, meza na wahudumu waliovaa nadhifu hakukuwa ushahidi wa kuwapo kwa biashara.

Nchini Tanzania sura ya "kazi za mtandaoni" ilijitokeza wazi kupitia Kalynda mwaka 2022, programu ya simu iliyojinadi kama duka la mtandaoni na kuahidi kamisheni kwa kila oda iliyokamilishwa na mwanachama aliyeweka fedha. Mwanzoni mwa mwaka 2025 polisi katika mikoa kadhaa walikamata watu waliohusishwa na LBL, jukwaa lililowatoza wanachama fedha ili wapate kazi ya kutazama matangazo ya filamu kwenye simu. Yote mawili yalimpa mtu kitu cha kufanya kila siku, kikaitwa kazi, lakini malipo yake yalitegemea fedha za wanaoingia.

Upatu wa mtaani na upatu haramu

Neno upatu lina maana mbili ambazo hazipaswi kuchanganywa. Upatu wa mtaani, unaoitwa pia mchezo, ni utaratibu wa watu wachache wanaojuana kuchanga kiasi sawa na kupokezana. Kina mama kumi wa mtaa mmoja wa Mpanda wakichanga shilingi 20,000 kila wiki, kila mmoja atapokea shilingi 200,000 kwa zamu yake. Hakuna anayeahidiwa faida, na fedha inayotoka ni ileile iliyoingia.

Upatu haramu huahidi faida bila biashara inayoizalisha. Anayetangulia hulipwa kwa fedha ya anayefuata. Udhaifu wake huonekana kwa hesabu ya darasani. Tuseme mtu mmoja anatakiwa kuingiza watu 5, na kila mmoja wao aingize wengine 5. Ngazi ya kwanza itakuwa na watu 5, ya pili 25, ya tatu 125, ya nne 625, ya tano 3,125, ya sita 15,625, ya saba 78,125 na ya nane 390,625. Ngazi ya tisa itahitaji watu 1,953,125. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,152,958 katika Mkoa mzima wa Katavi, wakiwemo watoto wachanga. Mpango huo ungeishiwa watu wa mkoa kabla ya ngazi ya tisa kujaa. Wale wa ngazi ya mwisho, ambao daima ni wengi kuliko wa juu wote kwa pamoja, wasingekuwa na mtu wa kuwalipa.

Hesabu ya faida nayo hufichua mengi. Faida ya asilimia 30 kwa mwezi, ikiachwa ijizidishe, hugeuza shilingi 100,000 kuwa zaidi ya shilingi 2,300,000 kwa mwaka mmoja. Mtu mwenye uwezo wa kuzalisha faida hiyo kwa uhakika asingehitaji elfu hamsini ya mhitimu wa kidato cha nne.

Sura za ajira za uongo

Kazi ya kuingiza watu. Mwombaji huitwa "afisa masoko" au "balozi". Analipa ili aingie, kisha kipato chake hutegemea idadi ya watu aliowaleta. Hakuna bidhaa inayouzwa kwa mtu aliye nje ya mpango. Bidhaa ni nafasi yenyewe.

Kazi za kubonyeza. Mtu hupewa kazi ndogondogo kama kupenda video, kutathmini programu au "kukamilisha oda". Siku za kwanza hulipwa kiasi kidogo ili aamini. Kisha huelezwa kuwa ili apande daraja lazima aweke fedha, mara nyingi kwa USDT. Salio huongezeka kwenye kioo cha simu, lakini anapotaka kulitoa huambiwa alipe kodi au ada ya kufungua akaunti. Tume ya Biashara ya Marekani ilieleza kuwa nchini humo malalamiko ya aina hii yalifikia takriban 20,000 katika nusu ya kwanza ya mwaka 2024 pekee.

Wakala wa malipo. Mwombaji hatakiwi kulipa chochote. Huombwa kupokea fedha kwenye laini yake ya simu au akaunti yake ya benki, abaki na asilimia fulani, na inayobaki anunulie sarafu za kidijitali na kuzituma anakoelekezwa. Kazi huonekana nyepesi na malipo hufika kweli. Tatizo ni kwamba fedha hiyo mara nyingi imetoka kwa mtu mwingine aliyetapeliwa. Polisi wanapofuatilia, jina linaloonekana ni la mwenye laini, iliyosajiliwa kwa alama zake za vidole.

Kazi ya nje ya nchi. Vijana wa Afrika Mashariki wameahidiwa kazi za huduma kwa wateja nchini Thailand, wakavushwa hadi kwenye makambi ya Myanmar na kulazimishwa kuwatapeli watu kwa uwekezaji wa uongo wa kriptosarafu. Ripoti ya Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ya Agosti 2023 ilikadiria kuwa watu wasiopungua 120,000 nchini Myanmar na takriban 100,000 nchini Kamboja huenda walikuwa wakishikiliwa katika hali hiyo. Mwanzoni mwa mwaka 2025 maelfu walitolewa katika makambi ya mpakani mwa Myanmar na Thailand, wakiwemo Waethiopia, Wakenya na Waganda.

Usaili wenye faili hatari. Hii hulenga wenye ujuzi wa kompyuta. Mwombaji hutumiwa faili la "mtihani wa usaili" ambalo likifunguliwa huiba funguo za siri. Mwaka 2022 mtandao wa Ronin, uliotumiwa na mchezo wa Axie Infinity, uliibiwa sarafu za thamani ya zaidi ya dola milioni 600. FBI ililitaja kundi la Lazarus la Korea Kaskazini kuwa ndilo lililohusika. Habari zilizochapishwa baadaye zilieleza kuwa mlango ulifunguliwa na ofa ya kazi ya uongo aliyotumiwa mhandisi wa kampuni.

Mwajiriwa kama chambo

Hasara ya ada aliyolipa mtu huwa ni sehemu ndogo ya madhara. Tapeli aliyeko mbali hana sifa yoyote mbele ya watu wa Makanyagio au Kawajense. Anachohitaji ni kijana anayejulikana mtaani, aliyesoma hapo, ambaye mama yake anauza sokoni na baba yake ni mwanachama wa ushirika. Kijana huyo akisema "mimi mwenyewe nimelipwa", maneno yake hubeba uzito ambao tangazo la mtandaoni haliwezi kuwa nao. Kwa hiyo kinachoajiriwa si ujuzi wake bali uaminifu ambao jamii inao kwake.

Mkoa wa Katavi ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Mkoa wa Rukwa, na uchumi wake unategemea kilimo cha mahindi, mpunga, tumbaku, pamba na karanga, pamoja na ufugaji na uchimbaji mdogo wa dhahabu. Fedha za mazao hufika kwa mkupuo baada ya mauzo. Katika kipindi hicho kaya nyingi huwa na fedha taslimu ya ada za shule, mbegu na mbolea ya msimu unaofuata. Mpango wa kitapeli ukiingia wakati huo haugusi akiba ya ziada, bali unagusa msimu mzima. Na mpango unapoporomoka, mwendeshaji huzima simu, lakini kijana aliyewaingiza watu bado yupo mtaani, na wanaodai wanajua mlango wa nyumbani kwao.

Upo pia upande wa sheria. Kifungu cha 171A cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kinakataza kuendesha au kusimamia upatu wa ulaghai. Kifungu cha 22 cha sheria hiyohiyo kinamhesabu mtu anayesaidia kosa litendeke kuwa mshiriki wa kosa hilo. Aliyeanza akiwa mwathirika anaweza kujikuta akijibu maswali kama mtuhumiwa, hasa akiendelea kuingiza watu baada ya kuona kwamba waliotangulia hawalipwi.

Dalili za kampuni ya kitapeli

Hakuna dalili moja inayotosha peke yake, isipokuwa kudaiwa fedha. Zinapokutana mbili au tatu, mashaka yanakuwa na msingi.

1. Kudaiwa fedha kabla ya kazi. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1997 unaweka kanuni kwamba mawakala wa ajira wasimtoze mtafuta kazi ada. Tangazo likiwavuta watu 200 na kila mmoja akalipa shilingi 50,000 ya fomu, mwenye tangazo amepata shilingi 10,000,000 bila kuajiri hata mtu mmoja.

2. Kazi kumtafuta mtu asiyeiomba. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ujumbe wa WhatsApp au Telegram kutoka namba ngeni, unaotoa mshahara mkubwa kwa mtu asiyetuma barua ya maombi, ni bidhaa inayojitembeza.

3. Kazi isiyoelezeka. Mwajiri akiulizwa kampuni inauza nini na nani hununua, hujibu kwa maneno makubwa kama "teknolojia ya roboti ya biashara" bila kutaja mteja. Mji wenyewe wa Mpanda ulikua kutokana na madini ya risasi, na tawi la reli kutoka Kaliua lilijengwa na serikali ya kikoloni ya Uingereza kwa ajili ya madini hayo. Mfanyakazi wa wakati huo aliweza kueleza kilichochimbwa na kilikopelekwa. Mfanyakazi wa leo naye anastahili kuweza kueleza mshahara wake unatoka wapi.

4. Mshahara kupimwa kwa idadi ya watu walioletwa, si kwa kazi iliyofanyika.

5. Haraka. "Nafasi zimebaki tatu", "mwisho leo saa sita usiku". Haraka hii humnyima mtu muda wa kuuliza.

6. Kukataza maswali. Anayehoji huondolewa kwenye kundi, na wanaobaki huambiwa kuwa ana roho mbaya au hataki maendeleo.

7. Kuomba vitu ambavyo mwajiri hahitaji: namba ya siri ya simu, namba ya uthibitisho iliyotumwa kwa ujumbe mfupi, laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina la mwombaji, au yale maneno 12 au 24 ya siri yanayofungua pochi ya kidijitali. Anayeyajua maneno hayo ndiye mmiliki halisi wa fedha iliyomo.

8. Vyeti vinavyotumwa kwa picha tu. Cheti cha usajili kinaweza kughushiwa, au kikawa halali lakini cha kampuni nyingine yenye jina linalokaribiana.

Uhakiki wa kampuni kutoka Mpanda

Uhakiki una hatua chache, na nyingi hazigharimu zaidi ya bando la intaneti.

Hatua ya kwanza ni usajili. Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA) hutunza daftari la kampuni na majina ya biashara kwa mfumo wa mtandaoni. Mwombaji anapaswa kuangalia kama jina lipo, namba ya usajili inalingana na ile ya kwenye cheti, na kampuni ilisajiliwa lini. Kampuni inayodai uzoefu wa miaka kumi lakini imesajiliwa miezi miwili iliyopita imekwishajieleza.

Hatua ya pili ni leseni. Hapa ndipo wengi hukosea. Usajili wa BRELA huonyesha tu kwamba kampuni ipo kisheria. Hauiruhusu kupokea amana wala uwekezaji wa watu. Kupokea amana kunahitaji leseni ya Benki Kuu ya Tanzania (BoT), na kuuza dhamana za uwekezaji kwa umma kunasimamiwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana (CMSA). BoT huweka kwenye tovuti yake orodha ya taasisi zenye leseni. Anayesema ana leseni hiyo anapaswa kuonekana katika orodha, si kwenye picha aliyoituma mwenyewe.

Hatua ya tatu ni alama za mwajiri. Mwajiri wa kweli ana namba ya mlipakodi ya Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), amejisajili katika Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF) na katika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF). Mchango wa NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, na mfanyakazi hakatwi zaidi ya nusu ya mchango huo. Swali fupi la "namba yenu ya mwajiri NSSF ni ipi?" humshtua tapeli kuliko swali lolote kuhusu kriptosarafu. Jibu lake linaweza kuulizwa katika ofisi ya NSSF ya mkoa.

Hatua ya nne ni mkataba. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri kumpa mfanyakazi maelezo ya maandishi yanayotaja mambo kama maelezo ya kazi, tarehe ya kuanza, mahali pa kazi, saa za kazi na ujira. Kwa kazi inayofanyika nje ya Tanzania, mkataba lazima uwe wa maandishi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na kazi ni mali.

Hatua ya tano ni tovuti na watu. Zana za bure za mtandaoni huonyesha tarehe ambayo anwani ya tovuti ilisajiliwa. Picha za "wakurugenzi" zinaweza kutafutwa ili kuona kama ni za watu wengine. Kama tangazo limetumia jina la kampuni inayojulikana, mwombaji aingie kwenye tovuti rasmi ya kampuni hiyo, aifikie yeye mwenyewe bila kubonyeza kiungo alichotumiwa, na aangalie kama nafasi hiyo imetangazwa huko.

Hatua ya mwisho ni kuuliza watu wasio na maslahi: mwalimu, afisa maendeleo wa kata, ofisi ya mwajiri wa zamani, au kijana mwingine anayefanya kazi ya kompyuta. Anayelipwa kwa kuleta watu hawezi kuwa shahidi.

Kwa kazi za nje ya nchi, Wakala wa Huduma za Ajira Tanzania (TaESA) ni mahali pa kuulizia kama wakala anayemsafirisha mtu ametambuliwa. Ombi la kusafiri kwa viza ya utalii huku mtu akiahidiwa ajira ni dalili ya hatari inayotosha kusitisha safari.

Hali ya kisheria nchini Tanzania

Novemba 2019 Benki Kuu ilitoa tangazo kwa umma ikieleza kuwa shilingi ndiyo fedha pekee halali kwa malipo nchini na kwamba sarafu za mtandaoni hazitambuliwi. Juni 2021 Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa Mwanza kuzindua jengo la BoT, aliitaka Benki Kuu ianze kujiandaa kwa mabadiliko yanayoletwa na sarafu hizo. Sheria ya Fedha ya mwaka 2024 iliweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwa malipo ya uhamishaji wa mali za kidijitali.

Matapeli hutumia mabadiliko haya kudai kuwa "serikali imeruhusu" mpango wao. Kutozwa kodi si leseni. Hata pale shughuli yenyewe inapofanywa na watu wengi bila tatizo, kampuni inayokusanya fedha za umma bado inahitaji kibali cha msimamizi husika.

Sheria nyingine zinazogusa ulaghai huu ni Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, Sheria ya Kuzuia Utakasishaji wa Fedha Haramu ya mwaka 2006 (hasa kwa wanaopitisha fedha kwenye laini zao), Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inayomlinda mtu ambaye nakala za kitambulisho chake zimekusanywa kwa hila.

Hatua baada ya kulaghaiwa

Muda ni muhimu. Fedha iliyotumwa kwa simu inaweza kuzuiwa endapo mtandao wa simu utaarifiwa kabla haijatolewa. Ikishageuzwa kuwa kriptosarafu na kutumwa, hakuna benki inayoweza kuirudisha. Kwa hiyo mtu hupaswa kupiga simu huduma kwa wateja mara moja, kisha kwenda kituo cha polisi, kuandikisha maelezo na kupewa namba ya RB. Namba ya tapeli hutumwa kwa ujumbe mfupi kwenda 15040, namba iliyotengwa kwa ajili ya kuripoti utapeli wa simu. Aliyetoa namba yake ya NIDA anaweza kupiga *106# kuona kama kuna laini ngeni zilizosajiliwa kwa jina lake.

Ushahidi unapaswa kuhifadhiwa kabla ya kutoka kwenye kundi: picha za mazungumzo, ujumbe wa miamala wenye namba za kumbukumbu, anwani za pochi za kidijitali, na majina yaliyotokea wakati wa kutuma fedha. Hatari ya pili hufuata hapo. Hujitokeza mtu anayejiita mtaalamu wa kurudisha fedha zilizoibiwa na kudai malipo ya awali. Mara nyingi huyo ni tapeli wa pili, au yuleyule wa kwanza kwa jina jipya.

Aliyekwisha kuingiza watu wengine ana wajibu mgumu zaidi, lakini ndio unaopunguza madhara: kuacha kuingiza, kuwaambia aliowaingiza ukweli kabla hawajaongeza fedha, na kutoa maelezo polisi kwa hiari. Aibu ndiyo inayowafanya wengi wanyamaze, na kila siku ya ukimya humpa mwendeshaji nafasi ya kupokea ada za watu wapya.

Shuleni, somo hili linaweza kufundishwa bila kompyuta hata moja. Hisabati ina mfululizo wa namba unaoonyesha kwa nini upatu huporomoka, Uraia una sheria za kazi, na Kiswahili kina barua ya maombi ya kazi, ambayo humfundisha mwanafunzi kwamba mwombaji huandika, mwajiri hujibu kwa jina na anwani, na hakuna aya ya barua hiyo inayotaja ada.